Kidonda Kilichoonekana Siku ya Chanjo: Uchambuzi wa Kisa cha Mtoto Mchanga Aliyeshukiwa Kukeketwa

Mtoto wa kike wa miezi tisa aliletwa na bibi yake mzaa baba katika zahanati ya kijiji kimoja cha mkoa wa Singida ili apate chanjo ya surua na rubela. Kisa hiki ni cha kufundishia: kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika mikoa ya kati ya Tanzania, na hakimhusu mtoto, familia wala kituo chochote kinachoweza kutambulika. Nimekiandika kwa ajili ya wauguzi, waganga wa zahanati, maafisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Ninaamini kwamba mashauri ya aina hii huamuliwa kwa sehemu kubwa katika saa ya kwanza, na anayeyaamua ni mtu ambaye hakuna anayemfikiria sheria inapotungwa, yaani muuguzi anayepima uzito.

Ili uzito wa saa hiyo ueleweke, ni lazima kwanza mahali penyewe paeleweke. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na utafiti wa 2022 ukaonyesha asilimia 8. Wastani huo wa taifa unaficha tofauti kubwa za mikoa, kwani mwaka ule wa 2015–16 Manyara ilikuwa na asilimia 58, Dodoma 47, Arusha 41, Mara 32 na Singida 31. Linalohusu kisa chetu zaidi ni umri: zaidi ya theluthi ya waliokeketwa walifanyiwa hivyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kule Tarime na Serengeti ukeketaji una msimu wake, una ngoma, una zawadi na wasichana wakubwa wanaoweza kukimbilia nyumba salama kabla ya Desemba, na polisi wanajua ni lini waongeze doria. Katika Singida na Dodoma hakuna ngoma wala msimu. Tangu Sheria ya Masharti Maalumu ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilipoufanya ukeketaji wa mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, sehemu kubwa ya jambo hili imehamia ndani ya nyumba, kwa watoto wachanga wasioweza kusimulia, na mtumishi wa umma pekee anayemwona mtoto huyo akiwa amevuliwa nguo ni yule wa kliniki.

Na kuna lawalawa. Watu wa mikoa hii hutumia jina hilo kwa mchanganyiko wa dalili za sehemu za siri na njia ya mkojo kwa watoto wa kike: muwasho, wekundu, uchafu unaotoka, maumivu wakati wa kukojoa, homa isiyoeleweka. Dalili zenyewe ni za kweli na magonjwa yanayozileta ni ya kweli, kuanzia maambukizi ya njia ya mkojo hadi fangasi wa kwenye nepi. Imani iliyojengwa juu yake inasema kwamba ugonjwa huo ni ishara ya kuachwa kwa mila, na kwamba dawa yake ni kukeketa. Kwa hiyo bibi anayemkeketa mjukuu mara nyingi haoni kwamba anamdhuru, bali anaamini anamtibu. Mfanyakazi yeyote anayeingia katika mashauri haya bila kulielewa jambo hilo atamsikia bibi akisema ukweli wake na kudhani anadanganywa.

Siku yenyewe ya chanjo ilikuwa na akina mama wengi barazani, na muuguzi mmoja akiwapima watoto kwa mizani ya kuning'iniza. Mtoto alipovuliwa ili avalishwe suruali ya kupimia alilia kilio cha maumivu, akakunja miguu, na alipokojoa kidogo katika kanga kilio kikazidi. Muuguzi alitambua jambo moja ambalo ni rahisi kulipita pale foleni inapokuwa ndefu: mtoto hakulia alipoguswa tumbo wala mgongo, alilia miguu ilipotenganishwa. Hakusema neno mbele ya foleni. Alimwomba bibi aingie naye chumba cha ndani, akamsalimia upya, akamketisha, kisha akauliza.

“Shikamoo, bibi. Mjukuu huyu analia akikojoa tangu lini?”

“Marahaba, nesi. Alikuwa na lawalawa. Tumeshamtibu, inakwisha.”

“Mlimtibu kwa dawa gani, bibi?”

“Ya nyumbani.”

Muuguzi aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, pamoja na saa na jina la aliyeyasema, katika faili la mtoto linalobaki kituoni. Hakuuliza “mmemkeketa?”, na nadhani alifanya vema. Swali la namna hiyo, likiulizwa mwanzoni, lina jibu moja tu, na baada ya jibu hilo bibi angemfunga mtoto kwa kanga na kuondoka, chanjo isitolewe, kidonda kisitibiwe, na mtoto asionekane tena kliniki. Maswali mawili ya wazi yalimpa maelezo ambayo baadaye yalikuwa na thamani kuliko kukiri kwa kulazimishwa: kwamba kulikuwa na ugonjwa, kwamba ulitibiwa nyumbani, na kwamba tiba hiyo ni ya siku za karibuni.

Alipomtazama mtoto, akiwa amelazwa chali mapajani mwa bibi na miguu imekunjwa kama ya chura, aliona kidonda chenye utando wa njano sehemu ya juu ya uke, pamoja na uvimbe. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.2. Hakuingiza kitu chochote, hakusugua utando, wala hakuwaita wenzake waje kuona. Alimwita mganga mfawidhi peke yake. Hapa ndipo vituo vingi vinapomwongezea mtoto madhara bila kukusudia, kwa kuwa kila mtumishi anayesikia habari huja kufunua kanga. Mtoto anayeshukiwa kukeketwa anapaswa kuchunguzwa mara chache iwezekanavyo, na uchunguzi kamili ufanywe na mwenye ujuzi, kwa taa nzuri. Kazi ya zahanati ni kuona kwa kiasi cha kutosha kuamua kwamba rufaa inahitajika, kuanza tiba, kuandika na kumsafirisha.

Tiba ilianza palepale, nayo haikusubiri PF3. Fomu hiyo ya polisi ni muhimu kwa ushahidi, lakini ni kosa kubwa kumnyima mtoto mwenye homa na kidonda dawa eti mpaka familia ipitie kituoni kwanza. Kilichohofiwa zaidi kilikuwa maambukizi kuingia kwenye damu, halafu pepopunda, halafu upungufu wa damu. Kadi ya kliniki ilionyesha dozi tatu za chanjo ya penta, jambo lililopunguza hofu ya pepopunda. Kuhusu damu, inafaa kila mhudumu akumbuke hesabu hii: mtoto huwa na takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto huyu wa kilo 7.4 alikuwa na damu isiyofika mililita 600 mwili mzima. Kanga moja iliyolowa inaweza kuwa sehemu kubwa ya hiyo.

Mganga mfawidhi alimwambia bibi jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, kwamba kidonda kile pamoja na homa vinahitaji daktari wa hospitali ya wilaya siku ileile. Bibi alikubali, kwa sababu kwa mtazamo wake huo ulikuwa mwendelezo wa tiba. Mama wa mtoto, msichana wa miaka 19 aliyekuwa kwenye vibarua vya alizeti kijiji cha jirani, alipigiwa simu na kuombwa akutane nao hospitalini. Kuna wanaosema kwamba kutomwambia bibi papo hapo kuwa taarifa itatolewa ni hila. Silikubali hilo. Kanuni ya kuwaambia wazazi ukweli ni nzuri na inapaswa kufuatwa, ila ina mpaka wake pale ambapo kusema mapema kunaweza kumfanya mtoto afichwe. Mama aliambiwa siku hiyohiyo, faraghani, na mtu aliyemweleza vizuri, kabla ya askari yeyote kufika. Hicho ndicho kipimo cha uaminifu ninachokitaka.

Taarifa ilitolewa kwa simu, kisha kwa maandishi, kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, naye akawasiliana na Dawati la Jinsia na Watoto. Haikupitia kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwekea kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua haki ya mtoto inavunjwa, na katika vijiji vingi mtendaji ni mlango halali wa taarifa hiyo. Lakini mganga mfawidhi alijua kwamba mtendaji huyu ni ndugu wa ukoo wa baba wa mtoto, na alijua pia maana ya kuyamaliza mambo kifamilia. Pale ambapo ngazi ya chini ina uhusiano na wahusika, taarifa iruke ngazi. Ambaye hana njia nyingine anaweza kupiga namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Jambo jingine la hekima lilikuwa kwamba barua ya taarifa ilitoka kwa jina la kituo na kusainiwa na mganga mfawidhi, na jina la muuguzi likabaki katika maelezo ya ndani. Muuguzi wa kijijini anaishi hatua chache kutoka zahanati, ananunua mboga kwa watu walewale, na watoto wake wanasoma na watoto walewale. Tukimwacha asimame peke yake kama mshitaki, tusishangae wa zahanati ya pili akiona kidonda na kufunga macho.

Hospitalini

Tathmini ya daktari wa wilaya ndiyo sehemu ya kisa inayostahili kusomwa polepole, kwa sababu ndiyo iliyobeba shauri zima na ndiyo ambayo kwa kawaida huandikwa vibaya kuliko zote. Nimeona muhtasari wa mfano huu ukitumika sana katika PF3: “Sehemu za siri zina jeraha. Mtoto amekeketwa.” Sentensi hizo mbili zinamfurahisha askari siku ile na kumwokoa mshtakiwa miezi sita baadaye. Wakili atauliza jeraha lilikuwa wapi, lilikuwa na ukubwa gani, ni nini kilichokosekana, daktari alijuaje kwamba si mikwaruzo ya nepi au ajali, na daktari, ambaye pengine amehamishwa mkoa, hatakuwa na kitu cha kushika.

Daktari huyu alianza na historia kutoka kwa mama peke yake, kisha kwa bibi peke yake. Alimchunguza mtoto mara moja, mbele ya mama na muuguzi wa kike, akitenganisha mashavu makubwa ya uke kwa upole na kuyavuta kidogo kuelekea kwake ili sehemu za ndani zijifungue zenyewe. Alieleza mahali kwa namba za uso wa saa, 12 ikiwa juu. Aliandika kwamba katika eneo la 11 hadi 1, mahali pa ngozi inayofunika kisimi, palikuwa na kidonda kibichi chenye upana wa takriban milimita sita, kingo zisizo sawa, utando wa njano na uvimbe kuzunguka. Kwamba shavu dogo la kushoto lilikuwa limepoteza ukingo wake wa juu, na la kulia lilikuwa zima. Kwamba tundu la mkojo, kizinda na njia ya haja kubwa vilikuwa vya kawaida. Kwamba hapakuwa na michubuko mapajani wala kwenye makalio. Na kwamba hapakuwa na utando unaounganisha mashavu madogo katikati. Picha zilipigwa kwa ridhaa ya mama, kwa kamera ya hospitali, na kuhifadhiwa chini ya namba ya faili, kwani simu ya mtu binafsi haina nafasi katika kazi hii.

Yale aliyoyaandika kwamba hayapo yana thamani sawa na aliyoyaona. Utando unaounganisha mashavu madogo huwapata watoto wengi wa kike wenye afya, hasa kati ya miezi mitatu na miaka mitatu, kwa sababu homoni ya estrojeni waliyotoka nayo kwa mama imepungua na ngozi ile ni laini. Hujitokeza kama mstari mwembamba, laini, unaong'aa katikati, na asiyeuzoea anaweza kuuita ukeketaji wa aina ya tatu, ule wa kushona na kuziba. Kuna pia ugonjwa wa ngozi unaoacha mabaka meupe yenye kupasuka na kuvuja damu, ambao kwa mtoto mkubwa kidogo huweza kufanana na kovu. Vilevile kuna kuanguka juu ya kitu kigumu kwa mtoto anayetembea, ambako huacha mchubuko upande mmoja na mara chache huondoa nyama. Mtoto wa miezi tisa asiyesimama bado hawezi kuwa ameanguka juu ya baiskeli, na daktari aliandika hivyo.

Kisha, chini ya kichwa tofauti, akatoa maoni: kwamba matokeo haya yanaendana na kukatwa au kuchanwa kwa tishu kwa makusudi, kwamba hayaelezeki kwa ugonjwa wa ngozi wala kwa ajali ya kawaida ya umri huo, na kwamba kidonda kina umri wa siku kadhaa. Kuhusu chombo kilichotumika hakusema kitu. Kingo zisizo sawa zingeweza kumshawishi aandike kwamba ni kucha na si wembe, kwa kuwa njia zote mbili zimesikika mkoani humo, lakini kidonda chenye maambukizi hakitunzi umbo la kilichokikata. Na kuhusu aina ya ukeketaji katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani, aliandika kwamba uvimbe unamzuia kujua kama kisimi chenyewe kimeondolewa au kimefunikwa tu, na kwamba atamtazama tena kidonda kikishapona.

Askari wa dawati hakulipenda hilo. Alitaka aina iandikwe. Lakini kwa sheria ya Tanzania aina haibadilishi kosa, kwa kuwa kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu mwenye uangalizi wa mtoto anayesababisha akeketwe, bila kugawa ukeketaji katika madaraja, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. (Faini hiyo haijawahi kunielea: haifiki bei ya ng'ombe mmoja mzuri.) Aina ina maana kwa tiba ya baadaye ya mtoto, na inaweza kusubiri wiki sita. Wiki sita baadaye, uvimbe ulipokwisha, kisimi kilionekana kikiwa kizima chini ya kovu. Kilichoondolewa kilikuwa ngozi inayokifunika pamoja na ukingo wa shavu dogo. Kama siku ya kwanza daktari angeandika kwamba kisimi kimekatwa, taarifa yake ya pili ingeivunja ya kwanza, na mtetezi asingehitaji shahidi mwingine.

Kwamba hofu hii si ya kufikirika, shauri lililoamuliwa Uingereza mwezi Januari 2015 linatosha kuonyesha. Halmashauri ya jiji la Leeds ilidai kwamba mtoto mmoja wa kike wa familia yenye asili ya Afrika alikuwa amefanyiwa ukeketaji wa aina ya nne, ule unaojumuisha kuchoma, kuchanja au kukwaruza bila kuondoa tishu. Wataalamu waliomchunguza au kutazama picha zake hawakukubaliana kuhusu kovu dogo: lipo au halipo, na kama lipo linatokana na nini. Jaji Sir James Munby, aliyekuwa Rais wa Kitengo cha Familia cha Mahakama Kuu, alisema kwamba ukeketaji wa aina yoyote ni madhara makubwa kwa maana ya sheria ya watoto ya nchi ile, kisha akaamua kwamba katika shauri lile haukuwa umethibitishwa. Alisisitiza kwamba uchunguzi upangwe mapema, ufanywe na mwenye ujuzi wa watoto wadogo, kwa kifaa cha kukuza na kurekodi picha pale kinapopatikana, na kwamba kilichoonekana kielezwe kwa usahihi kabla ya maoni kutolewa. Hospitali zetu nyingi za wilaya hazina kifaa hicho, lakini hakuna hospitali isiyo na kalamu, na sehemu kubwa ya alichokitaka jaji yule hutimizwa kwa kalamu. Tujifunze pia upande wa pili wa shauri hilo: ukeketaji wa aina ya nne ukishapona unaweza usiache alama yoyote, kwa hiyo uchunguzi usioona kitu hauwezi kuandikwa kuwa “hajakeketwa”.

Damu ya mtoto ilipimwa, kiwango cha hemoglobini kikawa gramu 8.1 kwa desilita. Daktari aliandika kwamba ana upungufu wa damu, bila kuuhusisha moja kwa moja na kidonda, kwa sababu watoto wengi wa umri huo huwa nao kutokana na lishe na malaria. Alilazwa siku nne, akapewa dawa za kuua vijidudu kwa sindano na dawa ya maumivu. Dawa ya maumivu naitaja kwa makusudi, kwani husahauliwa katika msukosuko wa fomu na simu, na mtoto huyu alikuwa akiumia kila alipokojoa.

Mtoto wa pili

Afisa ustawi wa jamii alipofika hospitalini aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: nani mwingine wa kike yuko katika nyumba hiyo? Mama alijibu kwamba wifi yake amejifungua, na mtoto ana miezi miwili. Akaongeza, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anasaidia au anasaliti, kwamba huyo naye wanasema ameanza lawalawa.

Kwangu mimi hapa ndipo penye moyo wa kisa chote. Mtoto wa kwanza ameshaumizwa. Rufaa yake ni ya tiba, ya haki, na ya uangalizi. Mtoto wa pili hajaguswa, na rufaa yake ndiyo ulinzi hasa. Mfumo wetu umejengwa ukimwelekea wa kwanza: PF3 inahitaji jeraha, jalada linahitaji mtuhumiwa, taarifa inahitaji tukio. Hakuna fomu ya mtoto ambaye nyumba nzima inajua kwamba ni zamu yake wiki ijayo.

Kesho yake afisa ustawi alikwenda kijijini pamoja na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto kutoka hospitali ya wilaya, na si na askari. Walimkuta mtoto wa miezi miwili ana wekundu mkali wa kwenye nepi wenye vipele vidogo pembeni, jambo ambalo muuguzi yeyote hulitambua kuwa fangasi. Muuguzi hakusema kwamba lawalawa haipo. Alisema, “Ndiyo, mtoto anaumwa, na ugonjwa huu una dawa,” akapaka dawa ya fangasi mbele ya wanawake wa nyumba ile, akaonyesha jinsi ya kumkausha mtoto na kubadilisha vitambaa mapema, akauacha mrija wa dawa mikononi mwa mama yake. Aliporudi baada ya siku nane ngozi ilikuwa safi. Kukeketa, kwa mantiki yao wenyewe, kulikuwa kumekosa kazi.

Sisemi kwamba mrija wa dawa unafuta imani ya vizazi. Nasema kwamba kila mama anayefika dirishani na kusema “mwanangu ana lawalawa” ametoa taarifa ya hatari kabla ya wembe, na kwamba zahanati inayomjibu “hakuna ugonjwa kama huo” inamrudisha kwa bibi bila kitu mkononi. Neno hilo likitajwa, mtoto atazamwe, mkojo upimwe, tiba itolewe siku ileile, tarehe ya marudio iwekwe, na jina lake lifike kwa afisa ustawi hata kama hana mkwaruzo.

Kuhusu bibi, jalada lilifunguliwa na alihojiwa. Mama alikuwa amesema anataka mtoto wake awe salama na hataki mama mkwe afungwe, na anaishi katika nyumba ya mama mkwe huyo, anakula katika chungu chake. Wanaomlaumu mama kwa kusitasita hawajafikiria alale wapi usiku ule. Afisa ustawi alimtafutia mahali kwa shangazi yake mzaa mama, wilaya ileile, na sharti la mtoto kutorudi katika nyumba ya awali likaandikwa na kusainiwa mbele ya Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kata, si ya kijiji. Kuendelea au kutoendelea kwa mashtaka ni kazi ya waendesha mashtaka. Jambo ambalo timu ya afya ilipaswa kulihakikisha ni kwamba uamuzi wowote utakaotolewa hauharibiwi na karatasi mbovu, na hauchukuliwi kuwa ndio mwisho wa wajibu kwa watoto wawili.

Yalibaki mambo mawili ya utaratibu ambayo yalihitaji uamuzi. La kwanza ni kadi ya kliniki. Kadi hiyo hukaa nyumbani, husomwa na yeyote anayejua kusoma, na msichana mwenyewe ataikuta akiwa na miaka kumi. Timu iliamua kwamba ndani yake iandikwe tu tarehe ya kulazwa na namba ya faili la hospitali, na maelezo yote yabaki katika faili. La pili ni marudio: mtoto wa kwanza aonwe akiwa na mwaka mmoja, kisha kabla ya kuanza shule, kuangalia kovu, mkojo na maumivu, na atakapobalehe apate mtu wa kumweleza kwa ukweli kilichotokea na tiba iliyopo. Mtoto wa pili atazamwe na muuguzi yuleyule kila siku ya kliniki hadi chanjo ya miezi 18, kisha afisa ustawi aendelee kumfuatilia nyumbani. Shangazi anafikiria kuhamia Manyara kwa ajili ya shamba, kwa hiyo nakala ya jalada la ustawi imetayarishwa kwa ajili ya ofisi ya wilaya atakayokwenda, na afisa wa huku amebaki na jukumu la kumpigia simu mwenzake na kupata jina la atakayempokea mtoto kabla ya familia kuondoka.